Walikuita Talenti

Kabula mwanangu,

Shikamoo yako niliitikia asubuhi na hali yako naiona kwa macho, kwa hiyo tusipoteze karatasi kwa salamu. Nakuandikia mchana huu ukiwa umekwenda sokoni na baba yako kutafuta ndoo na kufuli. Mkirudi mtakuta nimemaliza, au mtakuta nimeichana. Usicheke mwandiko. Mkono huu umeshika nyundo miaka mingi kuliko ulivyoshika kalamu.

Mambo ya kufunga mlango, ya kula vizuri, ya kuchagua marafiki, hayo baba yako ameahidi kukueleza njia nzima hadi stendi, na unamjua akishaanza. Mimi siyagusi. Nataka tuzungumze juu ya kipaji, hilo neno tu, kwa sababu naona limeketi juu ya begi lako na limekataa kushuka.

Begi limefungwa tangu jana. Lakini hujamwambia mtu yeyote humu ndani kama kesho unapanda basi la Dodoma uende chuo cha madini, au unapanda la Geita uende machimboni kwa Masanja ukamchagulie mawe. Baba yako anajua ni Dodoma, maskini, anatembea mtaa wetu wote wa Kambarage kifua mbele. Mimi ni mama yako. Masanja akipiga simu unatoka nje kuongea, na tangu uanze kumiliki simu hujawahi kutoka nje kwa ajili ya mtu mwingine. Halafu juzi tukichambua mchele uliniuliza lile swali.

"Mama, kule darasani wakinipa jiwe nikakosea?"

Nikasema, "Utakuwa umekosea."

"Halafu?"

"Halafu mwalimu atakueleza ulipokosea. Si ndiyo kazi yake?"

"Hapana Mama. Halafu mimi nitakuwa nani?"

Nilijifanya naona moto unazimika, nikainuka.  Jibu lake nimelitafuta tangu juzi, Kabula, nikifua, nikipika, hata kanisani nilikuwa nalitafuta. Jibu lenyewe linaanzia machimboni, kwa hiyo vumilia.

Unakumbuka mwisho wa yale maisha ya Geita, mwanzo wake huukumbuki. Tulipofika kule baba yako aliingia kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, na mimi nikakaa juu na wanawake wengine tunaponda mawe. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wanaume wanapandisha mawe kutoka chini, yanamwagwa, na mwenye duara anataka kujua yapi ya kupeleka kusagwa na yapi ya kutupa. Ukipeleka yote utalipia mashine isage udongo mtupu. Kwa hiyo unachagua. Jiwe jeupe lenye moshi ndani, lenye kutu, lenye vitundu vidogo kama limeliwa na wadudu, hilo nilikuwa naliweka mbele yangu juu ya kanga. Jiwe jeupe safi, linalong'aa, la kupendeza, hilo nalirusha nyuma. Wageni wote wanaanza kwa kupenda lile la kung'aa.

Wewe ulikuwa mgongoni. Ulipoanza kutambaa ukawa pembeni ya kanga. Ulipoanza kusema, neno la mama lilikuja kwanza, na halikukaa sana likafuatwa na "hili" na "siyo". Unaokota jiwe unaniletea: hili? Nasema siyo, unalirusha nyuma kwa mkono wako mdogo, nusura umpasue kichwa Mama Nyanzobe aliyeketi nyuma yetu. Kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyesema unafundishwa, hata mimi sikujua kama nafundisha. Nilikuwa nalea mtoto na ninafanya kazi, basi.

Ndipo siku moja Masanja, ambaye duara lilikuwa lake, alikuwa anaamuru kifusi kizima kitupwe. Ulikuwa hujaanza hata darasa la kwanza. Ukaokota jiwe moja kwenye kile kifusi ukampelekea, ukamwambia, "Baba Masanja, hili." Watu wakacheka. Mimi nililiona jiwe, nikaona ni kweli, nikaliponda kwenye kinu cha chuma na kuosha unga wake kwenye karai. Ukingoni ukabaki mstari wa njano, mwembamba, lakini wa dhahabu. Lo! Masanja alikubeba mabegani akakuzungusha machimbo yote.

Mwanzoni walisema una nyota. Baadaye akapita kijana mmoja msomi wa miamba, yuko na wenzake wanapima ardhi, akakutazama unachagua. Akamwambia mwenzake kwa Kiingereza, talent. Wachimbaji wakamzunguka: kaka, umesemaje? Akasema maana yake kipaji, kitu mtu anazaliwa nacho. Hakuwa na ubaya, alikuwa anakusifu, na alikupa biskuti. Lakini kufikia jioni machimbo yote yalikuwa yameokota lile neno, na Kabula hakuwepo tena. Walikuita Talenti. Talenti njoo uone hili. Talenti kalala? Mwamshe basi, mayu, mama yetu, dakika moja tu.

Nisikilize mwanangu, sitakudanganya, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikawa na maringo. Nilikuwa mponda mawe kama wenzangu, sasa nikawa mama yake Talenti, napishwa njia kisimani. Nilisikia watu wakisema, "Huyu kazaliwa nayo," nikatikisa kichwa kukubali, na mgongo bado unauma kwa kuinama na wewe juu ya yale mawe. Sikuona kwamba katika sentensi ile mimi sikuwemo. Wala wewe hukuwemo. Miaka yote uliyokaa juani ukiniletea jiwe na kuambiwa siyo, siyo, siyo, ilikuwa imefutwa, na mahali pake wameweka neno moja la Kiingereza.

Tangu hapo nimelichunguza sana hili neno, jinsi watu wanavyolitumia. Mtu anasema una kipaji anapokuona mwishoni, hakuwepo mwanzoni. Mwingine analitumia kujitetea yeye: mimi hesabu sina kipaji nazo, na daftari hajalifungua. Na wapo wanaolitumia ili ufanye kazi yao huku wamekaa. Mimi hapa Kambarage wameniambia nina kipaji cha kupika pilau. Matokeo yake kila msiba, kila harusi, kila kipaimara, mimi niko nyuma ya nyumba na mwiko, macho yamejaa moshi. Miaka tuliyokaa hapa sijawahi kumwona bibi harusi usoni. Hao wasio na kipaji ndio wanaokaa kwenye viti na kula!

Turudi machimboni. Walipoamini kwamba kitu kimo ndani yako, wakaanza kuogopa kisije kikatoka. Hapo ndipo kichwa changu kiliposafiri kabisa. Unajua imani ya kule: mchimbaji akiwa kwenye mawe mazuri haogi, eti ataosha bahati. Masanja akaja kwa heshima zote, akachuchumaa pale mlangoni, akasema, "Mayu, mkono wa kulia wa huyu mtoto usiguswe na sabuni. Kipaji kiko pale." Nami nikakubali. Mimi niliyekuonyesha kila jiwe kwa kidole changu! Nilikuwa nakuogesha umenyoosha mkono mmoja nje ya beseni, kama mtu anayeomba ruhusa ya kuongea. Baba yako alisema, "Mke wangu, tumeanza wazimu." Nikamwambia anyamaze, anataka kutuharibia.

Ulianza shule na mkono huo. Siku ya kukagua usafi, mwalimu akapita kwenye mstari, wote wamenyoosha mikono, wewe umenyoosha mmoja na mwingine umeuficha nyuma. Akauvuta. Ulikuwa mweusi wa masizi na kutu mpaka kwenye kiwiko. Akakuuliza nini hiki, nawe ukamjibu mbele ya shule nzima, "Mama amesema ndani kuna kipaji." Walicheka mpaka mwalimu mwenyewe akageuka pembeni. Ukarudi nyumbani unakimbia, hukulia, ukakaa chini ya kitanda.

Jioni ile nilichukua sabuni ya mche nikakusugua ule mkono mpaka maji yakawa kama chai.  Nilikuwa na aibu, na bado nilikuwa naogopa kwamba naosha chakula chetu. Kesho yake ukachagua mawe kama kawaida. Yakatoa dhahabu. Na keshokutwa yake. Ningekuwa na akili ningesimama katikati ya machimbo niseme, jamani, njooni mwone, mkono umeoshwa na kazi inakwenda, hakuna kitu ndani ya mkono. Sikusema. Nikawa nakuosha kila siku na kukupaka majivu juu ili Masanja asijue.

Sasa lile duara la mlimani. Wewe ulikuwa darasa la nne. Masanja alikuonyesha jiwe alilookota juu kule, ukalitazama ukasema, "Hili." Zamani jiwe la kwanza la mahali papya tungeliponda, tungeliosha, tungeokota mengine kando yake, tungeponda tena. Safari hii hakuna aliyegusa kinu. Ya nini, Talenti kasema. Walichimba kiangazi kizima, vijana wanashuka na kupanda, mpaka wakafika kwenye maji. Hapakuwa na kitu. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo, lakini jasho la watu wengi lilimwagika kwa sababu mtoto alilitazama jiwe akapenda rangi yake.

Masanja alikuja, hakufoka, ni mtu mpole. Akauliza, "Mayu, niambie ukweli. Ulimwosha?"

Nikasema, "Nimemwosha tangu darasa la kwanza. Mawe yote mazuri uliyopata miaka hii yametoka kwenye mkono wenye sabuni."

Akaokota kijiwe, akakigeuza mkononi. Halafu akasema, "Basi kilikuwa kinatoka kidogo kidogo."

Utafanya nini na mtu kama huyo? Nilicheka, naye akakasirika, na ndiyo ilikuwa siku yetu ya mwisho pale. Tukahamia Nyahanga kwa shangazi yako, halafu huku Shinyanga.

Lakini siyo hilo nililokaa niandike. Nililokaa niandike ni usiku mmoja kule Nyahanga, umelala na mimi kwa sababu ulikuwa hutaki kulala peke yako. Ukaniuliza, "Mama, nimeharibu nini?" Nami nikakukumbatia, nikakwambia, "Hujaharibu kitu. Kipaji chako kitarudi."

Nilitaka kukutuliza. Na ulitulia kweli, ukalala. Ila kati ya makosa yangu yote, ule mkono na yale majivu na maringo ya kisimani, hilo ndilo kubwa, kwa sababu lilisemwa kwa upendo na likaingia. Mtoto wa miaka kumi nilimwambia kwamba kukosea ni kupungukiwa na kitu, kwamba kuna kitu kinakuja na kuondoka chenyewe kama mbuzi aliyekata kamba, na wewe kazi yako ni kukaa na kukingojea. Ningekwambia tu, "Ulikosea jiwe, mama. Lile halikuoshwa. Kesho tutaliponda tuone ulikosea wapi." Ungelia kidogo ungepona. Badala yake umetembea na sentensi yangu mpaka umemaliza kidato cha sita, na juzi umeniuliza ukikosea utakuwa nani.

Likizo ile ulipokwenda Geita kumsalimia mjomba wako, ukapita kwa Masanja, ukaokota jiwe kwenye kifusi chake likatoa, ulirudi umebadilika sura. Ulinawiri. Ulidhani kimerudi. Mwanangu, hakuna kilichorudi, kwa sababu hakuna kilichoondoka. Ulijua mawe tangu hujui kuvaa viatu, na lile lilikuwa jiwe zuri. Hata mimi ningeliokota.

Sisemi hakuna kitu kinachoitwa kipaji. Kaka yako Maganga alikaa kwenye kanga ile ile, akaonyeshwa mawe yale yale, na mpaka leo ukimpa dhahabu na kipande cha chupa atachagua chupa. Yeye alikuwa anatoroka kwenda kuangalia ng'ombe wa watu. Wewe ulikuwa hutoroki. Ulikuwa unaweza kulitazama jiwe moja mpaka uji unapoa. Kama Mungu alikupa kitu siku ya kuzaliwa, basi alikupa kutochoka kutazama. Hicho hakitoki kwa sabuni na hakiondoki ukikosea. Lakini hicho pekee hakijui jiwe hata moja. Mawe uliyajua kwa kuambiwa siyo, siyo, siyo, na mtu aliyekaa karibu yako.

Huko chuoni watakwambia siyo. Watakuonyesha miamba ambayo mimi sijawahi kuiona, ya mikoa mingine, yenye majina magumu, nawe utasema hili, nao watasema siyo, mbele ya watoto wa watu waliotoka mjini. Itauma. Utahisi kama siku ile ya mstari wa usafi. Nimekaa hapa natamani kukukinga na jambo hilo, na ndiyo maana natambua kwamba nisikukinge. Masanja anakupenda, lakini kwake hutakosea mpaka siku utakapokosea vibaya, na hakuna mtu pale atakayekuwa ameponda jiwe kwanza. Kwake utakuwa Talenti. Hata ukizeeka utakuwa Talenti, umekaa kwenye kiti mdomoni mwa shimo, unaogopa kunyooshewa jiwe.

Ningeweza kuishia hapa na kukwambia chagua mwenyewe, wewe ni mtu mzima. Ndivyo nilivyokuwa nimepanga nilipoanza kuandika. Lakini kabla ya kufika mstari huu nilitua kalamu, nikachukua simu, nikampigia Masanja.

Akapokea kwa salamu za furaha, "Mayu! Mwadila! Talenti anafika saa ngapi?"

Nikasema, "Talenti haji. Nakuja mimi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe mayu, una kipaji?"

"Sina," nikamwambia. "Nina macho, nina nyundo na nina karai. Kila jiwe nitakalochagua tutaliponda na kuliosha kabla hujashusha mtu chini. Nitakosea mengine, na nitakosea ukiwa umesimama pale unaniona. Yule mtoto alijifunzia kwangu, Masanja. Hukuwahi kuniuliza."

Kicheko kikakatika. Nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, taratibu, "Kweli sikuwahi kukuuliza." Akasema nije tujaribu.

Baba yako bado hajui, nitamweleza mkirudi, atapiga kelele kidogo kisha ataniuliza nani atampikia. Maganga yupo, wataunguza ugali wote wawili, hawatakufa.

Kwa hiyo kwa Masanja hakuna nafasi tena, Kabula. Imechukuliwa. Kesho asubuhi ukipanda basi la Geita utanikuta nimekaa mbele na karai langu mapajani, na nitakushusha mbele ya abiria wote, unanijua. Najua nimekuondolea njia ya kurudi nyuma bila kukuuliza, na najua utakasirika. Nikasirikie, una haki yote.

Ila nikasirikie ukiwa Dodoma.

Mama yako,
Nkwimba